Digrii imerudi nyumbani ikaendesha bodaboda: je, elimu inakuza uchumi kweli?

SWALI: Shikamoo Mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkulima wa korosho hapa Masasi. Mwanangu wa kwanza alimaliza digrii ya ugavi, huu mwaka wa tatu yupo nyumbani, anaendesha bodaboda ya mjomba wake. Wa pili, binti, yupo kidato cha nne na anataka kuendelea. Baba yao anasema tuuze ekari mbili za mikorosho tuweke akiba ya ada, mimi moyo unasita. Kila nikiwasha redio nasikia kwamba elimu na ubunifu ndivyo vinavyokuza uchumi wa taifa. Kama ni kweli, mbona tumejengewa shule kila kata na mwanangu yupo kijiweni? Elimu inakuza uchumi, au tunadanganyana?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Hudanganywi, ila unaambiwa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo imekaa kijiweni na mwanao.

Nusu unayoambiwa ni ya kweli na imepimwa. Kati ya mwaka 1973 na 1978 Indonesia ilichukua fedha zake za mafuta ikajenga shule za msingi zaidi ya 61,000. Miaka mingi baadaye mchumi Esther Duflo akawafuatilia waliokuwa watoto wakati ule. Waliokulia wilaya zilizojengewa shule nyingi akawalinganisha na wa wilaya zilizopata chache, na waliowahi shule hizo akawalinganisha na kaka zao ambao umri ulikuwa umeshawapita. Akakuta kila mwaka wa ziada darasani umeongeza mshahara kwa asilimia kama 7 hadi 10. Ni faida nono. Akaunti ya kawaida ya akiba benki haikupi hiyo.

Lakini mshahara wa mtu si uchumi wa nchi. Chukua nafasi moja ya karani wa halmashauri. Wakijitokeza waombaji mia wa kidato cha nne, atachukuliwa mmoja. Mwaka mwingine wakija mia wenye digrii, atachukuliwa mmoja vilevile. Huyo atasema elimu imemlipa, wala hasemi uongo. Ila halmashauri bado ina karani mmoja, kazi ni ileile ya kupokea barua na kugonga mhuri, na tisini na tisa wamerudi makwao, safari hii wakiwa na vyeti vizito zaidi na madeni ya mkopo.

Mchumi mwingine, Lant Pritchett, alilinganisha nchi nyingi mwaka 2001 na hakuona kwamba zile zilizoongeza elimu ya watu wake kwa kasi ndizo uchumi wake ulikua kwa kasi. Alitaja sababu tatu zinazowezekana. Huenda watoto wanakaa darasani bila kujifunza. Huenda wanajifunza, lakini kazi za kuutumia ujuzi huo hazipo. Au huenda wasomi wanapata kazi, ila ni kazi za kula bila kuzalisha: kibali, mhuri, asilimia kumi. Mimi nimekaa kwenye fani hii muda mrefu na sioni sababu ya kuchagua moja. Kwetu zipo zote tatu, kila moja kwa kipimo chake.

Tuiache Indonesia, twende shambani kwako, maana korosho inalieleza jambo hili kuliko vitabu vyangu.

Wazee wa Masasi watakukumbushia msimu wa 1973/74. Tanzania ilivuna tani kama 145,000 na ilikuwa miongoni mwa wakubwa wa korosho duniani. Msimu wa 1986/87 zikaja tani kama 16,500 tu. Mikorosho yenyewe haikuwa imeng'olewa. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mashamba yakabaki mbali yakageuka pori. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa haimtoi mtu kitandani. Na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 ukawa umeingia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaovamia maua na kuyakausha kabla hayajatunga korosho.

Mtu wa mahesabu ya zamani angelitazama shamba lako wakati ule na kuuliza: ardhi ipo? Ipo. Miti ipo? Ipo. Mikono ipo? Ipo. Basi ongezeni vyote vitatu. Mngepanda mikorosho maradufu na kuvuna ukungu maradufu. Kilichopungua hakikuwa kitu cha kushikwa mkononi, lilikuwa ni jibu la swali ambalo hakuna aliyekuwa nalo. Jibu likatafutwa Naliendele, kituo cha utafiti kilichopo nje kidogo ya mji wa Mtwara. Watafiti wakausoma ugonjwa, wakajaribu hiki na kile, wakathibitisha kwamba unga wa salfa ukipuliziwa kwenye machipukizi na maua kwa wakati wake, na kurudiwa kwa vipindi, unauzuia. Baadaye wakatoa aina bora za mikorosho, hii mnayoibebesha, yaani mnayoiunganisha kwenye mche au shina jingine. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990 na bei ikaamka, mkulima akaona sababu ya kununua salfa na kukodi mashine ya kupulizia. Kufikia mwisho wa muongo ule nchi ilikuwa imevuka tena tani 100,000, na msimu wa 2017/18 tukavuna zaidi ya tani 300,000.

Huo ndio ubunifu wenyewe unaoutajiwa redioni. Si lazima uwe na skrini.

Tazama sasa unavyotofautiana na jembe. Jembe lako ukimwazima jirani, siku hiyo wewe hulimi. Lakini ukimfundisha jirani lini apulizie salfa na kwa kiasi gani, hujapungukiwa na chochote, na hata shamba lako linapumua kwa sababu ukungu wa kwake hauji kwako. Ujuzi wa watu wachache waliokaa Naliendele na darubini umeponya mikoa mizima. Paul Romer alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuliweka jambo hili katika hesabu: wazo halichakai kwa kutumiwa na wengi, ndiyo maana linaweza kuendelea kuukuza uchumi pale ambapo ardhi na mitambo vimefika ukomo. Kabla yake, mwaka 1957, Robert Solow alikuwa amechambua uchumi wa Marekani wa mwaka 1909 hadi 1949 akakuta kwamba karibu sehemu saba kati ya nane za ongezeko la uzalishaji kwa kila saa ya kazi hazikuletwa na wingi wa mitambo. Fungu hilo aliliita mabadiliko ya kiufundi. Mchumi mwenzake, Moses Abramovitz, alikuwa mkweli zaidi. Fungu kama hilo yeye aliliita kipimo cha ujinga wetu, yaani jina tunalolipa jambo ambalo hatujalielewa.

Na angalia ni akina nani walihitajika ili salfa ifanye kazi. Watafiti wachache wenye shahada za juu. Mabwana shamba wa kuzunguka vijijini. Wakulima wanaoweza kusoma maelezo ya mfuko na kuhesabu siku tangu mzunguko uliopita. Na bei inayomfanya mkulima ajisumbue. Ukiondoa mmoja kati ya hao, salfa inabaki ghalani. Mtu aliyesoma darasa la saba na mwenye shahada ya uzamivu walikuwa kwenye kazi moja, kila mmoja na sehemu yake.

Lakini korosho ina upande wa pili, na huo ndio unaomhusu mwanao.

Miaka ileile uzalishaji ulipokuwa unaporomoka, serikali ilikopa nje ikajenga viwanda kumi na viwili vya kubangua korosho, mitambo ikitoka Italia na Japani, kwa uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Viwanda vikakamilika korosho zikiwa zimekwisha. Vipuri vilitoka ng'ambo na fedha za kigeni hazikuwepo. Na korosho ziliporudi, viwanda ndivyo vilikuwa vimekufa, vingine vimegeuzwa maghala. Hadi leo sehemu kubwa sana ya mavuno yenu hupanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam.

Ngoja nikae kidogo hapo Vietnam. Nchi hiyo ilitoka vitani mwaka 1975 ikiwa hoi. Mwanzoni hata yenyewe ilikuwa ikiuza korosho zake ghafi. Halafu karakana zake zikaanza kutengeneza vyombo vya kuchemshia kwa mvuke, kisha mashine za kubangulia, kila mwaka zikirekebisha ya mwaka jana. Mwaka 2006 ikaipita India kwa kuuza nje korosho zilizobanguliwa. Leo inanunua korosho ghafi Afrika, na inawauzia Waafrika hao hao mashine za kubangulia.

Kwa nini wao? Si kwa wingi wa digrii. Mwaka 2012 vijana wa miaka 15 wa Vietnam walifanya mtihani wa kimataifa wa PISA pamoja na wa nchi tajiri. Katika hisabati walipata wastani wa 511, wakati wastani wa nchi tajiri wanachama wa OECD ulikuwa 494 na Marekani 481. Huyo kijana wa 511 ndiye anayesimama mbele ya mashine iliyokwama, akapima, akakadiria, akakata chuma upya. Viwanda vikimhitaji, yupo, na kwa kuwa yupo, viwanda vinaongezeka. Korosho ya Masasi, dada yangu, inampa kazi fundi, mhasibu na mtu wa ugavi mwenye digrii kama ya mwanao. Ila mtu huyo yupo Binh Phuoc, kwenye korosho za Vietnam.

Kwa hiyo ninachokuambia ni hiki: shule haikuzi uchumi kama mbolea inavyokuza mhindi, kwamba ukimwaga tu, unaota. Uchumi hukua pale alichokijua mtu kinapokutana na kazi inayokihitaji, na kazi hiyo nayo ikamlazimisha ajue zaidi. Vikipishana njiani, kila kimoja kinakaa kivyake, kama vile viwanda kumi na viwili na korosho zake.

Na sisi tumewahi kupishana. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kwamba kila mtoto aende shule ya msingi ifikapo 1977. Ndiyo ile UPE. Mimi ni zao lake. Nimefundishwa hesabu za sehemu na mwalimu aliyeishia darasa la saba, akakatakata muhogo mbele yetu mpaka tukaelewa nusu na robo. Waliokuwa na bahati mbaya walipata mwalimu aliyeandika ubaoni na kwenda kulala. Wazazi nao wakaingia kisomo cha watu wazima jioni. Mwaka 1967 theluthi moja tu ya watu wazima walijua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema asilimia 90. Barani Afrika jambo kama hilo lilikuwa nadra sana.

Na uchumi? Aliyekuwa na umri wakati huo hasahau foleni za sabuni na sukari. Vita vya Kagera, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, bei ya mafuta, mashirika ya umma yasiyozalisha na bei zilizomkaba mkulima: taifa lililojua kusoma likawa linasoma orodha ya duka la kaya. Hapo ndipo wapo waliohitimisha kwamba kisomo kile kilikuwa bure. Mimi nakataa. Nadhani kilikuwa fedha iliyofukiwa chini ya kitanda. Angalia pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na mwaka uliofuata ikaingia kwetu. Ili iende, kila kijiji kilihitaji wakala wa kuandika daftari na kupatanisha salio, na wateja wa kusoma ujumbe na kutambua kama wametapeliwa. Wawekezaji walikuta watu hao wapo tayari, wameshasomeshwa na kodi za watu wengine miaka thelathini nyuma. Wachumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini, asilimia 2 ya kaya zote, na zilizonufaika zaidi zilikuwa zinazoongozwa na wanawake, wengi wakihama kilimo na kuingia biashara. Kazi imeukuta ujuzi ukisubiri. Ilichelewa tu.

Sasa turudi kwenye shule zenu za kata, maana hapo sababu ya kwanza ya Pritchett ina uzito mkubwa. Ada ya shule ya msingi ilifutwa 2001, madarasa yakafurika. Kisha sekondari za kata zikaota kama uyoga kuanzia 2004, na walimu wakapikwa kwa wiki chache, wale mliowabatiza jina la Voda Fasta. Majengo yalitangulia mbele, kujifunza kukabaki nyuma kunachechemea. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotoka, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, kishindo kikawa kikubwa mpaka serikali ikaamuru madaraja yapangwe upya. Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mtoto wa Kitanzania angetarajia kukaa shuleni miaka 7.2, lakini ukipima alichojifunza, ni sawa na miaka 4.5. Kwa Mkenya ilikuwa 11.6 na 8.5. Hiyo tofauti ya kwetu, karibu miaka mitatu, ni watoto wanaoamka alfajiri, wanafagia uwanja, wanaimba, wanaitikia, wanarudi nyumbani.

Nikigusa lugha wenzangu hununa, lakini nitagusa. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu siku moja ya Januari anaambiwa kuanzia leo fizikia ni Kiingereza. Mwalimu mwenyewe Kiingereza kinamsumbua. Kinachobaki ni kukariri madesa, yaani notisi za kunakiliana. Nimesahihisha mitihani ya chuo kikuu ambapo wanafunzi arobaini walikosea neno lilelile mahali palepale, kwa sababu desa lilikuwa moja. Mtu wa namna hiyo unaweza kumpa cheti, lakini mashine ikikwama hana pa kuanzia, kwani kwenye desa haikukwama. Sisemi tuache Kiingereza. Nasema kumfundisha mtu Kiingereza ni kazi moja, na kumfundisha fizikia ni nyingine, na sisi tumezifunga kamba moja zikaanguka pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo redio hailitaji inapozungumzia elimu, nalo ni sahani. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mkoa ulioongoza ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hiyo ni mikoa inayolisha nchi! Mahindi yapo, lakini uji mtupu haujengi ubongo, na mama anayeshinda shambani tangu alfajiri hana nafasi ya kumlisha mtoto mara tano kwa siku. Kwa hiyo ukisikia wachumi wanasema rasilimali watu, usifikirie kofia ya mahafali. Fikiria yai la mtoto wa mwaka mmoja.

Najua umechoka kusikia habari za Korea Kusini. Kila kiongozi akisimama anaitaja. Mwaka 1960 kipato cha Mkorea hakikuwa kimezidi cha Mghana, wanasema, halafu wakasoma, wakatajirika. Hawakuelezi kipande cha katikati. Wakorea walisoma kweli, kwa pupa, baada ya 1945. Na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1950 walikuwa na tatizo lako hasa: wahitimu wengi, kazi hakuna. Kuanzia 1963 vijana wa Korea walikwenda Ujerumani Magharibi kuchimba makaa ya mawe chini ya ardhi, na miongoni mwao walikuwamo waliosoma chuo kikuu. Kwa hiyo mwanao kwenye bodaboda ana wenzake wa zamani, tena kwenye nchi ambayo leo inatolewa mfano.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba nchi ilianza kutengeneza vitu na kuviuza nje: kwanza mbao za plaiwudi, nguo na nywele za bandia, kisha chuma, meli na magari. Mwaka 1964 mauzo ya nje yalifika dola milioni 100, mwaka 1977 dola bilioni 10. Serikali iliwapa wenye viwanda mikopo nafuu na ulinzi, lakini kwa sharti: uza nje, na usipouza tunakunyang'anya. Mteja wa New York hakubembelezi, shati likiwa bovu anarudisha. Sharti hilo ndilo lililowafanya wenye viwanda wamtafute mhandisi kwa tochi. Mwaka 1966 wakaanzisha taasisi ya utafiti ya KIST, wakawaita wanasayansi wao waliokuwa Marekani kwa mishahara iliyozidi ya maprofesa wa nyumbani, na wakawapa maswali ya viwanda, si ya kupandishia vyeo. Leo Korea inatumia karibu asilimia 5 ya pato lake kwa utafiti. Nchi za Afrika zilikubaliana asilimia 1, na sisi Tanzania bado hatujaifikia.

Siwezi kukuficha kwamba siasa za Korea wakati ule zilikuwa za mkono wa chuma, wafanyakazi walipigwa, na sitaki tuige hilo. Ninachotaka uone ni mpangilio. Elimu ilikuwepo ikakaa, kazi ikaja, ndipo zikavutana.

Sasa nyumbani kwako.

Usiuze mikorosho. Nalisema hili kama mtu wa hesabu, si mtu wa huruma. Mkorosho uliotunzwa utakupa mavuno miaka thelathini na zaidi, na unataka kuubadilisha na gharama ambayo huenda serikali itailipa. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali imefutwa tangu mwaka wa masomo 2022/23. Mtabaki na nauli, sare, mahitaji ya bweni na michango, na hivyo msimu mmoja mzuri unaweza kuvibeba. Akifika chuo kikuu kuna Bodi ya Mikopo, ambayo siku hizi inakopesha hata baadhi ya kozi za diploma. Mwambie baba yao kwamba ekari hizo ni bora zaidi kama dhamana ya dharura kuliko kama ada.

Binti mwenyewe muulize swali moja tu: hisabati unapata ngapi? Kwa miaka mingi watahiniwa wa kidato cha nne wanaofaulu hisabati hawajafika hata theluthi. Mwenye hisabati anasimama kwenye foleni fupi, popote atakapokwenda, iwe chuo kikuu, uuguzi au chuo cha ufundi cha VETA. Kama hana, fedha ya kwanza ya nyumba hii iende kwa mwalimu wa kumfundisha jioni, kabla ya kufikiria ada ya chuo chochote. Na siku atakapochagua kozi, asiulize jina la chuo, aulize waliomaliza mwaka juzi wapo wapi. Chuo kisichoweza kukutajia hata watano, kiogope. VETA usiidharau. Nasema hivyo kwa sababu najua mnaidharau. Fundi umeme wa kweli Masasi hamumpati mpaka mumbembeleze.

Kaka yake ni habari nyingine. Sitakuambia ajiajiri. Neno hilo tumeligeuza kuwa njia ya kumtwisha kijana mmoja mzigo ulioishinda nchi nzima. Lakini amesomea ugavi, yaani kufikisha kitu sahihi mahali sahihi kabla muda haujapita, na nyinyi mnaishi katika zao ambalo uhai wake ni huo. Salfa ikifika wiki tatu baada ya maua ni sawa na isingefika. Magunia, usafiri kutoka chama cha msingi cha ushirika hadi ghala kuu, unyevu wa korosho kabla ya mnada, vikundi vya akina mama wanaobangua ambao wana mzigo na hawana mnunuzi wa uhakika: hayo yote ni ugavi, na mengi yanafanywa na watu wasiojua kuandika hesabu ya ghala. Yeye anajua, na kwa ile bodaboda anazijua njia zote. Aanze na msimu mmoja, kijiji kimoja. Akusanye mahitaji ya salfa ya wakulima ishirini mapema, mwezi wa nne, aandike nani anahitaji kiasi gani na lini maua yake hutoka, apeleke orodha hiyo kwa chama chenu cha msingi akiomba kibarua cha msimu. Wakimkataa amepoteza daftari. Wakimkubali atakuwa na kitu cha kuandika kwenye barua ya kazi ambacho wale tisini na tisa wenzake hawana.

Umenieleza ekari, hukunieleza miti. Ni mikorosho ya zamani ya babu au ya kubebesha? Ina umri gani, na msimu uliopita mti mmoja ulikupa kilo ngapi? Mpe huyo kijana kazi ya kuhesabu, mti kwa mti, halafu niandikie tena. Jibu la zile ekari mbili linaweza kuwa kuzikata matawi na kuzibebesha upya, na Naliendele wanajua namna.